Kamba ya Kocha Hamisi

Wiki jana fundi alikuja kunirekebishia mlango wa jikoni, hapa Nyamasaria ninapokaa. Tangu mvua zianze mlango ule ulikuwa umevimba na kukataa kufungika. Akauranda ubavu kwa nusu saa, akaurudisha mahali pake, akaenda zake bila kufagia. Niliporudi kutoka kazini nikakuta kilima kidogo cha vumbi la mbao sakafuni, bado kina harufu, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikavua viatu nikakaa chini kando yake. Binti yangu akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia sijaanguka, namkumbuka babu yake. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Nilikuwa namkumbuka pia mtu mwingine, aliyekuja kuchukua vumbi kama lile kila Ijumaa, na ambaye, nilipokuwa na miaka saba, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba baba yangu angemuua Jumapili.

Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Kibuye, ukishawapita wauza mitumba, pale ambapo sauti za nyundo zinaanza kushinda sauti za watu. Alitengeneza vitanda, makabati, fremu za viti, na masanduku ya kuzikia. Kwa vitanda alikuwa mtu wa kuelewana naye. Kwa masanduku alikuwa na sheria zake na hakuna aliyemtoa kwenye sheria hizo, hata mama.

Sheria ya kwanza ilikuwa kamba. Mtu akifiwa, ilimpasa kuchukua kamba ya katani, ampime marehemu kutoka utosini hadi kisiginoni, aikate hapo hapo na kumletea baba. Ukija mikono mitupu ukasema marehemu alikuwa futi sita kasoro kidogo, alikurudisha. "Leta kamba," alisema. "Mimi sipimi na maneno." Sanduku likiisha, kamba ile iliwekwa ndani pamoja na mwenyewe, ikaenda naye. Sheria ya pili ilitokana na ya kwanza: hakutengeneza sanduku kabla mtu hajafa. Mafundi wengine walikuwa na masanduku tayari, wameyapanga kando ya barabara kama viatu. Baba aliyapita akiangalia upande mwingine na kusema huko ni kukaribisha kifo. Mimi nilicheza mle karakanani siku zote baada ya shule, na somo nililojifunza ni moja tu. Sikuwahi kuona sanduku lenye jina likitoka pale bila kuwa na mwenyewe.

Jumapili baba alikuwa na ibada mbili. Asubuhi kanisani, ambako alikaa nyuma akasinzia, na alasiri uwanjani, ambako alikaa mbele na hakuna aliyepata kusinzia karibu naye. Timu yetu siitaji jina. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua hawakukosa kitu msimu ule.

Kocha wa timu alikuwa Hamisi, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe kichwani na filimbi shingoni, mjukuu wa mtu aliyekuja kutoka pwani kujenga reli akaoa huku huku. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja karakanani kwa baiskeli na gunia. Uwanja wa mazoezi haukuwa na chokaa ya kuchorea mistari, kwa hiyo alichora kwa vumbi la mbao za baba. Yeye alizoa kwa koleo, mimi nilishika mdomo wa gunia. Aliniita nahodha. Kazi ikiisha alinipa kashata ya simsim iliyofungwa kwenye karatasi, na muda wote huo yeye na baba walikuwa wakigombana.

"Omera, ndugu yangu, unaweka yule kijana mrefu mbele kufanya nini?" baba aliuliza bila kuacha kuranda. "Yeye anaogopa mpira."

"Haogopi, Fundi. Anausubiri."

"Anasubiri tangu mwezi wa pili. Hiyo mpira ilishapita."

Kocha alicheka hadi koleo likatikisika. Mimi nilidhani hivyo ndivyo wanaume wakubwa wanavyosalimiana.

Halafu timu ikaanza kufungwa, ikafungwa tena, na tena, mpaka ikawa inanusa kushuka daraja. Baba alirudi kutoka uwanjani bila sauti, tukawa tunamsoma midomo mpaka Jumanne. Sauti ikirudi, ilirudi na maneno mawili: kocha aende. Aliyasema akinyoa ndevu. Aliyasema kwa mbao. Siku moja mama aliomba kabla ya chakula, na baba badala ya kusema amina akasema kocha aende. Mama akasukuma sahani mbele yake. "Mungu amesikia, Baba Akinyi," akasema. "Sasa kula." Na Ijumaa ikifika, kocha huyo huyo alikuja na gunia lake, akakaribishwa, wakagombana, akapata vumbi. Sikuona kosa lolote katika hayo. Sidhani wao pia waliliona.

Jumatano moja akaja Min Apiyo, yaani mama yake Apiyo. Aliuza dagaa wa omena pale Kibuye na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki, mama mfupi mwenye sauti ya kuita feri irudi. Nilikuwa chini ya meza ya kazi, najenga nyumba ya maranda, nikaona miguu yake ikiingia.

"Fundi, sisi tumechoka na barua," alisema. "Tumeandikia wakubwa wa timu, hawajibu. Tunataka sanduku. Jumapili tunabeba kutoka hapa mpaka uwanja, na matawi, tunalia kabisa. Wakubwa wakiona hiyo watamtoa."

"Sanduku ya nani?"

"Ya kocha. Andika jina kubwa, watu wa nyuma wasome."

Nyundo ya baba ilinyamaza. Leo naujua ule ukimya. Alikuwa mtu aliyepiga kelele kuliko wote, sasa ameletewa kazi inayolingana na kelele zake, na angekataa angesema nini. Wakati ule nilisikia ukimya tu, kisha sauti yake ikisema polepole, "Mbao ziko."

Alilitengeneza Alhamisi, kwa mabaki ya saiprasi, na alilifanya haraka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Nilitafuta kamba juu ya meza, sikuiona. Nilitafuta kwenye msumari ilipozoea kuning'inia, sikuiona.

"Baba, kamba iko wapi?"

"Hii haitaki kamba."

Akachukua rangi nyekundu akaandika kwenye kifuniko. Nilikuwa nimejua kusoma mwaka ule, na nilikuwa najivunia, nikisoma kila kibao cha duka njiani mpaka mama anaona aibu. Siku ile nilitamani nisijue. KOCHA HAMISI, herufi kubwa, rangi ikichuruzika kidogo kwenye miguu ya herufi M.

Mtoto wa miaka saba ana hesabu zake na hazina huruma. Kocha alikuwa mzima, nilikuwa nimemwona Ijumaa. Lakini sanduku lake lilikuwa tayari, na sanduku lenye jina halikuwahi kukosa mwenyewe. Kwa hiyo ilikuwa lazima mwenyewe apatikane kabla ya Jumapili. Baba alikuwa amekaribisha. Baba yangu, aliyewapita wale mafundi wa barabarani akiangalia kando, alikuwa amefanya jambo lile lile, tena kwa mtu tunayemjua, na hata hakuwa amempima. Sikumwambia mama, kwa sababu nyumbani kwetu habari za masanduku hazikuingia mezani. Nilikataa kula. Mama akaniweka mkono kwenye paji la uso kutafuta malaria.

Ijumaa baba alilifunika sanduku kwa turubai. Kengele ya baiskeli iliposikika pale kwa wauza mitumba, akajipangusa mikono. "Mwambie achukue vumbi yake," akasema. "Mimi naenda kununua misumari." Akatoka kwa mlango wa nyuma. Mkebe wa misumari ulikuwa mezani, umejaa hadi pomoni.

Kocha aliingia akamtafuta kwa macho. "Fundi yuko wapi?"

"Ameenda kununua misumari."

Akauangalia mkebe. Akachukua koleo, mimi nikashika gunia, na kwa mara ya kwanza kazi ile ilifanyika bila ugomvi. Mdomo wa gunia ukaniponyoka, vumbi likamwagika kwenye viatu vyake.

"Shika vizuri, nahodha. Tutachora uwanja hapa hapa."

"Usikuje Jumapili," nikasema.

"Nisije wapi?"

"Kwa uwanja. Kaa nyumbani. Funga mlango."

Akacheka. "Baba yako amekutuma? Basi hiyo ni mbinu mpya." Nami nikaanza kulia, kile kilio cha kukatika pumzi, na kwa kuwa sikuwa na maneno nikaenda nikavuta turubai.

Kocha Hamisi alisoma jina lake. Alisimama pale na koleo mkononi. Niliona uso wake ukikaza nikadhani ni hasira, nikadhani atamsubiri baba ampige. Nimekuwa mtu mzima nikaumizwa na watu ninaowapenda, na sasa najua haikuwa hasira. Alikuwa ameumia. Mashabiki wangeweza kumfanyia hivyo na akalala usingizi wake, lakini zile mbao alizitambua ni za nani.

Kisha akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Unadhani nitakufa?"

"Baba ametengeneza."

"Na wote aliowatengenezea walikufa."

"Ee."

Hakucheka. Mpaka leo nampenda mtu yule kwa sababu hakucheka. Akasema, "Nisikilize, binti yangu. Sisi Waislamu hatuingii kwenye sanduku. Mtu wetu akifa anavishwa sanda nyeupe, anabebwa kwa kitanda cha msikiti. Akishawekwa kaburini, kitanda kinarudi kumngojea mwingine. Kitanda kimoja, watu wote. Kwa hiyo hili hapa, hata likinitaka, halinipati."

Nililifikiria hilo. Nililigeuza kila upande kama nilivyomwona baba akigeuza mbao kutafuta ufa, na sikuona ufa. Kifua changu kikafunguka.

"Baba hajui?"

"Anajua. Amekuja kwenye mazishi yetu, amebeba na hicho kitanda. Ni mpira umemsahaulisha." Akasimama, akatazama juu ya meza, akatazama kwenye msumari. Kibuye nzima iliijua sheria ya baba. "Na kamba?"

"Alisema hii haitaki kamba."

Hapo ndipo alipovuta kamba ya katani kutoka kwenye bonge lililokuwa pembeni. Akaikanyaga ncha kwa kisigino, akanipandisha juu ya meza, akavua kofia, akaniambia niivute kamba hadi utosini pake na nishike hapo hapo. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi ambazo kofia ilizificha. Akaikata kwa kisu cha baba, akailaza juu ya kifuniko, juu ya jina.

"Mwambie Fundi nimemletea kipimo," alisema. "Asifanye kazi mbovu kwa sababu yangu."

Akafunga gunia kwenye baiskeli, akanipa kashata kama kawaida, akaenda.

Baba alirudi bila msumari hata mmoja. Aliiona kamba kabla hajaniona mimi.

"Nani ameleta hii?"

"Mwenyewe."

Akakaa chini papo hapo. Maisha yake yote alipokea kamba kutoka kwa watu wenye macho mekundu, na hii ilikuwa imekuja na mtu mzima, kwa miguu yake, ikaachwa kwa mtoto. Kisha akainuka, akainyoosha juu ya sanduku. Sanduku lilikuwa fupi kwa karibu mkono mzima.

"Miguu ingetoka," nikamwambia.

"Naona."

"Na hata hawazikwi na sanduku."

"Akinyi," baba alisema, "nyamaza kidogo, nyara, binti yangu." Alisema kwa upole sana, nami nikanyamaza.

Jumamosi asubuhi alilibomoa. Alikuwa na haraka tena, lakini haraka nyingine, ile ya mtu anayetoa mwiba. Jumapili, tukiwa bado na nguo za kanisani, Min Apiyo akafika na kundi la watu waliobeba matawi, wengine wamejipaka majivu usoni kabisa kama wafiwa. Katikati ya karakana wakakuta benchi refu la watu sita.

"Sanduku iko wapi?" Min Apiyo aliuliza.

"Nimevunja."

"Fundi, wewe umelainika. Huyo mtu amekununua na simsim ya mtoto."

Baba alikuwa ameegemea meza. "Mimi bado nataka aende," alisema. "Leo nitapiga kelele kushinda nyinyi wote, mtanisikia. Lakini aende na miguu yake, afike kwake, akule na bibi yake. Hakuna mtu anatolewa kazi na sanduku. Si kwa mbao yangu."

Watu waliangalia matawi yao. Mtu akikumbushwa vile, anajiona na majivu yake usoni.

"Na hii benchi ni ya nini?" Min Apiyo akauliza mwishowe.

"Ni ya wachezaji wa akiba. Wanakaaga kwa mawe."

Min Apiyo hakuwa mtu wa kupoteza matawi. Alilizunguka benchi, akalitikisa, akashika ncha moja. "Basi bebeni," akasema. Na hivyo ndivyo tulivyotoka Kibuye hadi uwanjani, tukiimba kocha aende nyuma ya benchi jipya, na mimi mabegani mwa baba, mara yangu ya kwanza kupelekwa mpirani.

Kocha Hamisi aliliona likija. Aliacha wachezaji wake, akalipokea, na kabla ya kulisimamisha akaligeuza chini juu. Ubao mmoja ulikuwa bado na rangi nyekundu, herufi nne zilizobaki za jina lake. Baba alikuwa ametazama pembeni. Kocha akalisimamisha, akakaa katikati yake, na baba akaenda kukaa nyuma yake, hatua nne hivi, akapiga kelele alasiri nzima kama alivyoahidi. Kocha aligeuka mara moja tu.

"Fundi, mguu mmoja unacheza."

Wakati wa mapumziko baba alitambaa chini ya benchi na nyundo aliyokuwa ameibeba mfukoni, wachezaji wa akiba wakainua miguu, akagonga, akatoka na majani kwenye suti ya kanisani. Huo ndio msamaha niliouona ukiombwa na ukikubaliwa, na sijaona mzuri zaidi. Mechi iliisha bila bao. Baba alisema yule kijana mrefu bado anasubiri.

Mwisho wa msimu walimtoa kocha. Baba alipata alichokuwa akikililia, na Ijumaa iliyofuata alikaa mlangoni pa karakana bila kazi, akiangalia upande wa mitumba. Wiki ya pili kengele ya baiskeli ikasikika. Kocha hakuwa na uwanja wa kuchora tena, alisema vumbi sasa ni la kuku wa mkewe. Wakakaa wakamsema kocha mpya mpaka jua likatua. Alikuja hivyo kwa miaka, hata nilipoenda shule ya bweni, hata nilipoolewa.

Kamba ilibaki. Baba hakuweza kuiweka kwenye sanduku, haikuwa na sanduku. Kuitupa hakuthubutu. Aliiviringa akaitia kwenye mkebe wa chai, akauweka juu kabisa ya rafu, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Baba alituacha mwaka jana, mvua zikiwa zimekolea. Kijana aliyechukua karakana aliniuliza marehemu alikuwa urefu gani. Nikamwambia asubiri. Nilikwenda mochari nikampima mwenyewe, utosini hadi kisiginoni, nikakata, nikaileta mkononi nikiwa nimeikunja kwenye leso.

Tulimpeleka nyumbani Nyakach, ndani zaidi ya Pap Onditi, kwenye ule udongo mweusi ambao ukilowa unamvua mtu viatu. Asubuhi ya mazishi waliochimba walikuwa wakianguka hata mikono mitupu, na wote tulikuwa tunafikiria jambo moja bila kulisema, kwamba wabebaji watateleza na baba atawaangukia. Hapo pikapu ikasimama langoni. Akashushwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, na baada yake magunia mawili ya vumbi la mbao, aliloenda mwenyewe kulifagia karakanani Kibuye.

Hakumwamkia mtu kwanza. Alitembea kutoka mlango wa nyumba hadi kaburini akihesabu hatua, akarudi, akashika gunia chini ya kwapa, akaanza. Alichora mstari upande mmoja, ulionyooka kabisa, kisha mwingine upande wa pili, ndipo akajaza katikati. Min Apiyo, ambaye sasa haoni vizuri, alikuwa kwenye kiti chini ya hema. Akaniuliza harufu hiyo ni ya nini. Nikamwambia. "Hata hapa anachora uwanja," akasema, akacheka, kisha akalia. Wabebaji walipita juu ya vumbi lile, hatua kwa hatua, na hakuna aliyeteleza.

Watu walipoanza kuondoka nilimletea ule mkebe wa chai, niliokuwa nimeutoa kwenye rafu ya karakana. Aliufungua akaitoa kamba, akaikanyaga ncha kwa kisigino kama siku ile, akavua kofia, nami nikaivuta hadi utosini pake. Sikuhitaji meza. Kamba ilizidi kwa upana wa kiganja.

"Nimepungua, nahodha," alisema. "Kumbe urefu wangu alikuwa nao Fundi."

Akayakunja magunia yake mawili matupu, moja ndani ya lingine. Nikamshikia, kama zamani. Akayafunga kwa ile kamba, mafundo mawili, akavuta kuona kama imekaza, akaitia kofia kichwani, akatembea na magunia yake juu ya vumbi la baba hadi langoni.